Siku moja maishani mwangu: alama ya Nyang'hwale

Saa 11 alfajiri nimeamka, saa 2 kasoro niko mezani. Kazi yangu ni kuandika msimbo wa XSLT, unaochukua faili la XML (maandishi yaliyopangwa kwa lebo) lenye oda za mteja na kuligeuza kuwa hati ya kupelekea mzigo. Ikienda vizuri hakuna anayejua kama nipo.

Saa 3 na nusu simu ikaita. Ni msambazaji wa mbegu. Hati za wilaya ya Nyang'hwale, kule Geita, anazitaka ziwe na maelekezo yake ya ghala, na lori liondoke kabla ya saa 6. Nikaandika sharti:

test="wilaya = 'Nyang'hwale'"

Likagoma. Kompyuta inaona 'Nyang' limeshafungwa, halafu hwale linaning'inia peke yake. Wengi hukimbilia &apos;, yaani ritifaa (') iliyoandikwa kwa namna ya XML, na mimi nikakimbilia huko huko. Haikusaidia, kwa sababu msimbo huu husomwa mara mbili. Kisomaji cha XML hupita kwanza, kikairudisha &apos; kuwa alama yenyewe, kisha XPath, lugha ndogo inayosoma masharti ndani ya XSLT, inakuta tatizo lile lile. XPath 1.0, ya mwaka 1999, haina kinga yoyote kwa alama iliyo ndani ya maneno. Hata mkwaju wa nyuma (\), tuliouzoea katika lugha nyingine, hapa haufanyi kitu. Toleo la 2.0 la mwaka 2007 linaruhusu kuiandika alama mara mbili, lakini seva yetu inatumia libxslt, programu ya kuendesha XSLT, nayo inaishia 1.0.

Simu tena. "Dada, si uitoe tu hiyo alama? Watu wataelewa."

Nikamwambia hapana, kaka. Ng'oa ni kung'oa mche, ngoa ni wivu. Akasema dereva hana habari na wivu, anataka karatasi. Akapiga mara ya tatu, mara ya nne, kila mara na lile lile la kutoa alama, na kila mara naacha kazi nimjibu kwa upole. Watu wa Nyang'hwale wana haki ya kuona jina lao limeandikwa sawasawa. Hilo silipunguzi kwa sababu ya haraka.

Lililokubali ni hili:

test="wilaya = &quot;Nyang'hwale&quot;"

Kisomaji kikishageuza &quot; kuwa alama za kunukuu mbilimbili, XPath inazikuta nje, ritifaa ndani, na hakuna ugomvi. Lori liliondoka saa 6 na robo.

Chakula nilikula nikiwa nimesimama. Mchana likaja duka lenye ng' katika jina, na jina lenyewe limewekwa ndani ya alama za kunukuu. Hapo zote mbili zimo, hakuna ya kufungia. Nikaiweka ritifaa kwenye kigeu chake:

<xsl:variable name="ritifaa">'</xsl:variable>

Maandishi yaliyo ndani ya elementi, kati ya lebo ya kufungua na ya kufunga, XPath haiyagusi. Kisha nikaunganisha vipande kwa concat, kimoja kimoja, macho yakiuma.

Jioni, sikuangalia saa, kata ya Chang'ombe ikakataa kulingana na Chang'ombe. Kumbe orodha iliandikwa kwenye Word, ambayo huipinda ritifaa ikawa ’, herufi nyingine kabisa. Amri ya translate, inayobadilisha herufi moja kwa nyingine, ikainyoosha:

translate(kata, '’', $ritifaa)

Nimefunga mashine giza limeshaingia. Kesho nitajaribu Mang'ula na Ng'ambo kabla simu hazijaanza.