Usiku tuliofungua Katiba barazani

Kabla ya siasa nilikuwa mwalimu hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na kengele ya mwisho ikilia nahamia maktaba ya shule. Sasa mwanzoni mwa 2013 kampeni zimepamba moto, kura ni tarehe 4 Machi, nagombea uwakilishi wa wadi, tukaalikwa nyumba moja Langoni baada ya isha. Sisi wanawake ndani, wanaume nje barazani, mlango wazi ili wasikie.

Mzee mmoja mvuvi akaita kutoka hukohuko nje, "Mwalimu, nina yambo moya. Hii bandari itatumalizia samaki, wewe ukiingia utaizuia?"

Mradi wa LAPSSET, ule wa serikali wenye bandari mpya hapa Lamu, ulikuwa ushazinduliwa Machi 2012, na wavuvi wana uchungu, haki yao kabisa. Kijana wa kampeni yangu akaniminya mkono, ati sema ndiyo, sema ndiyo tu! Mimi nikatoa Katiba mkobani, ile nakala ya maktaba nilioivika jalada la nailoni kwa mkono wangu manake unyevu wa bahari hauna huruma na vitabu, kurasa zishavimba na mgongo umeshikwa na seloteipu. Nikafungua Jedwali la Nne, lile linalogawa kazi za serikali kuu na za kaunti, nikasoma kwa sauti, taratibu, kama nasomea darasa.

Nikamwambia yule mzee, baba, bandari ile ni ya serikali kuu, mwakilishi wa wadi hawezi kuizuia, na nikikuahidi nitakuwa nakudanganya mbele ya hawa kina mama, na wengi wao nimewafundisha mimi. Lakini uvuvi uko kaunti, hilo nitalisimamia, na wavuvi wakionewa nitapiga kelele mpaka wanisikie Nairobi.

Kimya. Kisha mzee akasema, "Haya, soma na hayo mengine."

Hapo ndo mkutano ukaanza hasa. Chekechea ni kaunti, shule ya msingi ni serikali kuu, maktaba nazo kaunti, wallahi niliposoma neno maktaba sauti ilinitetemeka manake miaka yote hiyo nilikuwa naomba rafu na vitabu bila kujua nimdai nani. Mama mmoja akauliza mwalimu wa chekechea atalipwa na nani, mwingine akataka asomewe tena kipengele cha zahanati, stima nayo ikapotea, na kijana wangu wa kampeni, bado kanuna, ikabidi anishikie tochi ya simu niendelee.