Maziko ya saa kumi

Mwaka 2021 kituo kimoja cha redio pale Tanga kilitupa kazi, mimi na mwenzangu, ya kuunganisha tovuti yao, programu yao ya simu na skrini ya studio. Tovuti ilikuwa ya WordPress, mfumo maarufu wa kutengenezea tovuti. Programu ya simu ilikuwa na hifadhidata yake, iliyoachwa na fundi aliyekwisha kuhama mji. Studio ilisoma karatasi. Kwa hiyo habari moja ilipigwa chapa mara tatu.

Kwa habari za mpira huo ulikuwa usumbufu tu. Kwa tanzia ilikuwa balaa. Pwani ile mtu wa Pangani anasikia jina redioni, anavaa kanzu na kutafuta usafiri, hana haja ya kumpigia mtu kuuliza. Maziko yakiwahishwa, na tangazo likarekebishwa sehemu mbili kati ya tatu, yuko mjomba atakayefika watu wameshatawanyika. Ilishatokea, na huyo mjomba alikuja kituoni na maneno yake.

Tulichagua Strapi, mfumo wa wazi uliotoka Ufaransa, wa aina tunayoiita hedilesi (headless), yaani usio na kichwa. Unahifadhi maudhui na kuwapa wahariri fomu za kujazia, lakini hauna ukurasa hata mmoja wa kumwonyesha msomaji. Tovuti, simu au skrini inayotaka maudhui inayaomba kupitia API, yaani mlango wa programu kuzungumza na programu, inapewa JSON, yaani data tupu iliyopangwa kwa majina, kisha inajua yenyewe namna ya kuyaonyesha. Mwenzangu aliitetea WordPress, na hakuwa mjinga: tangu toleo 4.7 la Desemba 2016 nayo inatoa maudhui yake kwa njia hiyo hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimezipitia tanzia za nyuma. Kila moja ilikuwa bonge la HTML, lugha ya kupanga kurasa za wavuti, saa ya maziko imezama katikati ya aya, mara kwa herufi nyekundu, mara ndani ya jedwali. Moja ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu. Hakuna programu itakayochomoa saa humo.

Basi tanzia tukaigawa visanduku: jina la marehemu, msiba uliko, mahali pa maziko, saa ya maziko, ndugu wanaopelekewa taarifa. Kuusimika mfumo kulikuwa na vituko vyake. Seva ndogo tuliyokodi Ulaya, yenye RAM ya GB 1, ilizimia kila ilipojaribu kujenga paneli ya wahariri, mpaka tukaijenga kwenye laptopu na kuipandisha ikiwa tayari. Programu ya simu nayo ikawa inarudishiwa 403, yaani "huna ruhusa", kwa kuwa Strapi huanza milango yote ikiwa imefungwa, na ni wewe unayemruhusu msomaji asiye na akaunti. Kila anayeanza hukutana na hayo. Niyapite.

Siku ninayoikumbuka ni ile tuliyomkalisha mhariri mbele ya fomu ile na tanzia ya kweli mkononi. Mfumo wa zamani ulikuwa bado unafanya kazi, na huu mpya ulionekana ndani ya kituo tu. Mhariri wa matangazo alikuwa mama mtu mzima aliyeanza kuandika tanzia enzi za taipureta. Sote tulimwita Mama. Alijaza jina na msiba uliko bila neno, ila aliguna alipoona hakuna pa kukoleza herufi. Akafika kwenye saa.

"Wafiwa wanasema saa saba mchana," akasema, akaandika 07:00.

Mwenzangu akajikohoza. "Hapo inatakiwa 13:00, Mama. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane."

Akamtazama juu ya miwani. "Saa kumi na tatu. Mwanangu, nimezika watu wengi, sijapata kuzika mtu saa kumi na tatu."

Lakini aliandika, akabonyeza kitufe cha kuchapisha. Mwenzangu akainua simu yake, na ilikuwa sawa: "Maziko: saa 7:00 mchana." Alikuwa ameandika kifungu kidogo cha msimbo kinachopunguza saa sita ili msomaji aione saa anayoijua. Kwenye kompyuta ya mezani, tovuti nayo ikaleta tangazo. "Maziko: 10:00."

Mama hakutuuliza. Alivuta simu yake akapiga.

"Poleni tena, jamani. Samahani kuwasumbua. Mmesogeza hadi alasiri?" Akasikiliza. "Saa saba ile ile. Haya, inshallah." Akakata, akatugeukia. "Wafiwa wanasema saba, simu yenu inasema saba. Sasa hii kumi kaileta nani?"

Tuliipata haraka. Strapi ilikuwa imeiweka saa kwa UTC, saa ya kimataifa ya rejea, yaani 10:00, kwa kuwa Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Simu iliyo Tanga iliziongeza hizo tatu yenyewe. Kurasa za tovuti zilitengenezwa na Next.js, zana ya kujengea tovuti, kwenye seva ambayo saa yake ni UTC, ikatoa namba kama ilivyoikuta. Dawa ni mstari mmoja, kuiambia itumie Africa/Dar_es_Salaam, jina ambalo kompyuta huyaita majira yetu. Kilichonitia baridi ni kwamba kosa lile halikufanana na kosa. Kwa Mwingereza 10:00 ni asubuhi, na maziko ya asubuhi yangemshtua mtu. Kwetu ni saa kumi, baada ya Alasiri, wakati watu wanazikana kila siku. Bila simu ile ya Mama hakuna ambaye angetilia shaka.

Tukarekebisha, tukamwonyesha. Hakuridhika.

"Na mdogo wangu aliye Muscat, akifungua simu yake ataona nini?"

Mwenzangu akaingia kwenye mipangilio, akaiweka simu yake kwenye saa za Oman, akafungua tangazo. Saa 8:00 mchana. Kumbe simu ilikuwa sahihi kwa sababu tu ilikuwa juu ya meza ya Tanga.

"Andikeni baada ya swala ya Adhuhuri," Mama akasema. "Mkristo mtaandika baada ya ibada. Aliye Muscat anajua Adhuhuri ya Tanga si yake."

Mwenzangu hakupenda. Tulibishana nje, karibu na jenereta, tukipaza sauti. Alisema kisanduku cha maneno huru ndicho hasa tulichokuwa tunakikimbia, kesho mtu ataandika humo hadithi nzima. Ni kweli, na wapo walioandika. Lakini nilimtetea Mama na bado namtetea. Ukiyatenga maudhui na ukurasa, kila ukurasa unabaki kuifasiri data kwa akili yake, na tulikuwa na kurasa za aina tatu. Saa ya tarakimu tuliiacha ifanye kazi ya mashine, yaani kuzipanga tanzia na kuiondoa iliyopita. Kinachosomwa na binadamu kikawa maneno ya mhariri, na kisanduku chake tukakifanya cha lazima: bila kujazwa tangazo halichapishwi.

Kisanduku kipya huongezwa Strapi ikiwa katika hali ya utengenezaji, kwa hiyo tulikiongeza kwenye laptopu, tukapandisha, tukamrudisha Mama kitini. Aliandika: "Saa saba mchana, baada ya swala ya Adhuhuri." Akasoma tangazo zima kuanzia juu, kisha akataka kisanduku kingine, cha jina la utani la marehemu, maana nusu ya mtaa wa Ngamiani wasingemtambua kwa jina la kwenye kitambulisho. Hicho mwenzangu alikiongeza bila ubishi.