Kibubu Kilichovunjwa Nikiwa Shuleni

Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoacha kuweka akiba, na ikapita zaidi ya miaka ishirini kabla sijaanza tena. Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni nikakikuta kibubu changu cha mbao mahali pake palepale, lakini nilipokiinua kilikuwa chepesi, na misumari ya ubao wa chini ilikuwa imeng'olewa kisha ikarudishwa kwa uangalifu ili isionekane. Mlikuwa na sarafu nilizozikusanya kwa karibu mwaka mzima, nyingine za zawadi za wageni, nyingine ni chenji nilizoruhusiwa kubaki nazo kila nilipotumwa. Mama aliniona nimekishika, akaendelea na kazi zake. Usiku, wakati wenzangu wamekwisha kulala, aliniambia bila kunitazama, "Nitakurudishia, mwanangu." Hakunirudishia, nami sikumdai.

Leo naelewa vizuri kabisa kwa nini alifanya vile. Baba aliishi kwa vibarua, na kipato cha nyumba kilikuja kama mvua ya msimu usiotabirika: wiki mbili za kutosheka, kisha wiki tano za kuhesabu. Mama ndiye aliyebeba kazi ya kuzifanya zile wiki mbili zifike mbali, na mtu aliyebanwa kiasi kile hawezi kupita kila siku karibu na sanduku lenye fedha akajifanya halioni. Simlaumu. Ninachotaka kukieleza ni kile nilichokipata mimi kutokana na tukio lile, maana nilikibeba hadi ukubwani bila kujua kwamba nimekibeba.

Nilipoanza kupokea mshahara wangu mwenyewe, fedha zilikuwa hazikai kwangu zaidi ya siku kumi. Sikuwa mlevi wala mpenda anasa; nilikuwa mnunuzi wa mapema. Nilinunua sabuni za miezi minne, madaftari ambayo hayakuwa na wa kuyaandikia, na baadaye nguo za mtoto za saizi ambayo angeifikia baada ya miaka miwili. Kabati lilijaa na akaunti ikawa tupu, nami nilijiona mwenye busara, kwa sababu mahali fulani ndani yangu palikuwa na hakika kwamba kitu kilichokwisha kununuliwa ni changu, ilhali fedha iliyowekwa ni ya yeyote atakayetangulia kuihitaji. Marafiki walinikopa kwa urahisi, nikasifiwa kwa ukarimu. Haukuwa ukarimu hata kidogo. Ilikuwa haraka ya kuiondoa fedha mikononi kabla haijaondolewa.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo ni ukimya. Nyumbani kwetu fedha hazikuzungumzwa mbele ya watoto, lakini hapakuwa na mtoto asiyejua hali ilivyo. Tuliisoma katika sauti zilizoshuka ghafla tulipoingia chumbani, katika mlango uliofungwa mchana, na katika ule msemo wa "mwambie baba hayupo" huku baba akiwa ameketi kitandani. Nilijifunza kwamba deni ni kitu cha kufichwa, na kwamba afadhali mtu asijue salio lake kuliko kulijua. Kwa miaka mingi sikuwa nikifungua ujumbe wa benki. Hadi leo simu ya namba nisiyoifahamu hunishtua kidogo, ingawa sina mtu ninayemkimbia.

Nilipoanza kusoma kuhusu mambo haya, nilitarajia kukutana na mahubiri kuhusu nidhamu, na kweli nilikutana nayo. Karibu kila anayeandika kuhusu watoto na akiba hulitaja jaribio maarufu ambalo Walter Mischel na wenzake walilianzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto wa shule ya awali huwekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa kwamba akingoja bila kukila, mtafiti akirudi atampa viwili. Baadaye waliongoja kwa muda mrefu walionekana kufanya vizuri zaidi shuleni, na jaribio likageuzwa kuwa hoja kwamba mafanikio ni suala la kujizuia. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walilirudia suala hilo kwa takwimu za watoto zaidi ya 900, wakaona uhusiano huo ni dhaifu kuliko ulivyodhaniwa, na kwamba sehemu kubwa ya kilichobaki hutoweka pindi hali ya familia ya mtoto inapoingizwa katika hesabu.

Lakini utafiti ulionigusa ni mwingine, mdogo sana kwa idadi. Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, waliwachukua watoto 28, na kabla ya kuwajaribu kwa kitu kitamu waliwaahidi kwanza vifaa bora zaidi vya kuchorea. Nusu ya watoto walitimiziwa ahadi. Kwa nusu nyingine mtafiti alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba vifaa kumbe havipo. Ndipo likafuata jaribio lenyewe. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja wastani wa dakika 3. Kati ya watoto 14 wa kundi la kwanza, 9 walivumilia hadi dakika zote 15 zikaisha, na katika kundi la pili alivumilia mmoja tu.

Niliyasoma maelezo hayo nikiwa nimesimama, nikayarudia nimeketi. Mtoto anayekula mara moja kitu alichowekewa mbele ya mtu aliyekwisha kumdanganya hajakosa nidhamu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Tunapenda kuwaambia watoto kwamba haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli, lakini methali hiyo haisemi kibaba kinalindwa na nani. Ile nyingine, ahadi ni deni, ndiyo inayopaswa kutangulia, na anayepaswa kuisikiliza kwanza ni mzazi.

Sidai kwamba nyumba humpangia kila mtoto tabia yake. Mdogo wangu alikulia chumba kimoja nami, akausikia ukimya uleule, akatoka na tabia iliyo kinyume kabisa na yangu: hutunza kila risiti, hawezi kununua viatu vipya hadi vya zamani vimwaibishe, na mkewe amenilalamikia mara kadhaa kwamba kuomba fedha ya matumizi kwake ni kama kwenda mahakamani. Ukitutazama kwa nje utasema mmoja ni mfujaji na mwingine ni bahili. Mimi naona watu wawili wanaokimbia kitu kimoja kwa njia mbili.

Mume wangu naye ni habari nyingine. Alikulia katika nyumba ambayo mshahara uliingia kila mwezi bila kukosa, na kwa hiyo hana hofu yoyote ya fedha, jambo ambalo mwanzoni nililionea wivu na baadaye likaniogopesha. Hakuwahi kuuliza bei. Hakuwa na akiba ya dharura kwa sababu hakuwahi kuona dharura. Lakini kwake kuwekeza fedha mahali zitakapokaa miaka kumi ni jambo la kawaida, ilhali mimi hujisikia kama mtu anayezitupa kisimani. Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walionyesha mwaka 2011, kwa takwimu za kaya za Marekani kuanzia mwaka 1960, kwamba watu ambao katika maisha yao walishuhudia soko la hisa likifanya vibaya huwa wazito kuweka fedha zao humo, na kwamba hata mambo yaliyompata mtu miongo mingi iliyopita huacha athari katika uamuzi wake wa leo, ingawa ya karibuni huwa na uzito zaidi. Kama soko la mbali huacha alama kiasi hicho, sishangai kwamba ubao wa chini wa kibubu ulifanya hivyo.

Miaka michache iliyopita nilimuuliza mama, kwa mzaha wa uongo, kama anakikumbuka kibubu changu. Alinyamaza, kisha akataja kiasi chenyewe kilichokuwamo, hadi sarafu ya mwisho. "Niliona haya," alisema. "Nilidhani umesahau." Kumbe sote wawili tulikuwa tumelibeba deni lilelile kwa miaka yote hiyo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kama angenieleza siku ile kwamba zilihitajika kwa jambo fulani, na kwamba hajui atazirudisha lini, nadhani ningelia jioni moja yakaisha.

Ndiyo maana, tulipoanza kumfundisha binti yetu wa kwanza, sikuanza na masomo. Husemwa kwamba tabia za fedha huanza kujengeka kabla mtoto hajafikisha miaka saba, kwa mujibu wa ripoti ya David Whitebread na Sue Bingham iliyotolewa Uingereza mwaka 2013. Nakubali kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, ila sipendi wazazi wanavyoitumia ripoti hiyo kutishana, kana kwamba mtoto wa miaka minane amekwisha kukauka. Kuhusu masomo yenyewe, Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer walikusanya matokeo ya tafiti 201 mwaka 2014, wakakuta kwamba elimu ya fedha inayotolewa darasani ilieleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za mienendo ya watu kifedha, na kwamba hata mafunzo ya saa nyingi hufifia ndani ya miezi ishirini. Pendekezo lao ni kwamba elimu itolewe karibu na wakati inapohitajika. Mzazi ana nafasi hiyo kila wiki, mwalimu hana.

Tulianza na posho ndogo inayotolewa siku ileile kila wiki, iwe wiki nzuri au mbaya. Kiasi si kitu. Siku ndiyo kila kitu. Nikichelewa, namwandikia kwamba nadaiwa. Akishapewa ni zake, na hilo lilitugharimu ustahimilivu pale alipotumia akiba ya wiki sita kununua mdoli aliyekatika mkono siku ya pili. Alilia sana. Mume wangu alikuwa tayari amenyanyuka kwenda kununua mwingine, nikamzuia mlangoni, na sina hakika hadi sasa kama yule niliyekuwa namzuia ni yeye au ni mimi.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuacha kusema "hatuna pesa". Niligundua kwamba nilikuwa nikiyasema maneno hayo nikiwa na pesa mfukoni, na saa moja baadaye mtoto ananiona nikilipia kitu kingine. Kwa hiyo aidha mama ni mwongo, au pesa hujitokeza mtu mzima akizitaka. Sasa nasema "hizi zimepangiwa kazi nyingine", na akiuliza kazi gani, namwambia. Mara moja kwa mwezi huketi nasi tunapolipa umeme, maji na karo, akisoma namba na kuweka alama. Anajua kwamba tuna deni na kwamba linapungua. Hajui yale yanayotukosesha usingizi, wala hatajua mapema, kwa sababu nakumbuka mzigo wa kujua mambo nisiyoweza kuyasaidia, na sitaki kuuponya ukimya kwa kumtwisha mtoto hofu.

Riba tulimfundisha kwa vifungo vya nguo. Mume wangu alipanga vifungo 100 sakafuni na kuongeza asilimia 10 kila raundi, akihesabu pia vile vilivyokwisha kuongezwa. Raundi ya nane ilipofika vilikuwa vimepita 200, na vifungo vya nyumba nzima vilikuwa vimekwisha. Nilidhani atafurahi jinsi vinavyoongezeka. Aliviangalia kwa muda, kisha akauliza, "Na aliyekopa, vinamtoka hivyohivyo?" Hilo tulikuwa hatujapanga kulifundisha siku ile.

Mwaka jana, usiku mmoja, mdogo wake alishikwa na homa kali, mtandao wa simu ulikuwa umekatika, na nyumbani hapakuwa na fedha taslimu za usafiri isipokuwa mahali pamoja. Yeye alikuwa amelala. Nilikishika kibubu chake nikasikia uzito wake, na mikono yangu ikajua ya kufanya, maana hiki nacho kina ubao wa chini. Nilichukua kiasi nilichohitaji, nikaandika karatasi yenye kiasi hicho, sababu, tarehe ya kurudisha na sahihi yangu, nikaitia ndani. Asubuhi nilimwamsha nikamweleza kabla hajakigusa. Alisikiliza, akauliza hali ya mdogo wake, kisha akauliza kama nitalipa na riba. Nililipa, siku mbili kabla ya tarehe.

Wiki iliyofuata niliona kwamba kibubu hakipo tena juu ya kabati. Ninajua alikokihamishia. Sijamwambia.