Mtoto wa chatu aliyegoma kula: nilianza na nyumba, si chakula

Chatu wangu alikuja na kila kitu: tangi la kioo, taa juu yake, jiwe la umeme la kuotea joto, na ahadi kwamba hana shida yoyote, akishikwa na njaa atakula. Hakula. Wiki zikapita na kila kipanya nilichompelekea alikigeuzia kisogo. Nikaulizia kwa wafugaji, na karibu wote wakanijibu habari za chakula: badilisha panya, jaribu kifaranga, mtumbukizie panya hai uwaache usiku kucha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza huyu nyoka analala wapi. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana tatizo lilikuwa hapohapo.

Wangu ni Python regius, ile aina ndogo ya Afrika Magharibi na ya Kati ambayo ikiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Porini mchana hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu, hutoka usiku. Sasa mtoe mnyama wa shimoni umwanike ndani ya kioo pande zote nne, halafu umlaumu kwa kukosa hamu ya kula!

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa lile jiwe. Hupata moto mahali pamoja tu, na nyoka akikosa joto kwingine hulilalia hadi linamuunguza tumbo. Nikaweka pedi ya joto chini ya upande mmoja wa tangi na kuiunganisha na thamostati, kifaa kinachozuia joto lisipite kiwango ulichoweka. Hapa sibishani na mtu: pedi bila thamostati usiiwashe. Upande wa joto nikaushikilia nyuzi 31 hadi 32, upande wa baridi 25 au 26, ili achague mwenyewe. Vile vipimajoto vya kubandika kwenye kioo vinakupa joto la kioo. Mimi hutumia chenye waya, ncha yake naiweka sakafuni pale tumbo linapolala.

Pande tatu za kioo nikazibandika karatasi nyeusi. Maficho nikaweka mawili, moja kila upande, kwa sababu likiwa moja tu itambidi achague kati ya joto na usalama, na atachagua usalama huku chakula tumboni hakisagiki. Nilitumia vibakuli vyeusi vya plastiki nilivyovipindua, nikakata mlango mdogo na kupiga msasa kingo. Lazima yabane, ubavu uguse ukuta na mgongo uguse dari. Aliingia usiku uleule, akatoa pua tu.

Maranda ya mbao niliyatupa. Ya mwerezi na msonobari yana mafuta yanayoumiza mapafu ya nyoka. Badala yake nikatandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, ambayo hushika unyevu vizuri. Unyevu nauweka karibu asilimia 60, na macho yakianza kuwa na ukungu wa buluu kabla ya kujivua gamba naupandisha kidogo.

Nikamwachia siku kadhaa bila kumgusa, ndipo nikarudi kwenye panya.

Panya wangu ni wa kugandishwa, mnene sawa na sehemu nene kuliko zote ya mwili wa chatu. Huyeyukia kwenye friji, kisha humpasha ndani ya mfuko uliofungwa kwenye maji ya moto. Mikrowevu hapana, hupika matumbo na kumpasua. Mara ya kwanza chatu alitoka, akamfuata kwa ulimi hadi karibu kabisa, kisha akarudi nyuma. Nikamshika yule panya: tumbo lilikuwa na joto, kichwa kimeshapoa. Chatu huyu ana vijishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, na anapopiga hulenga penye moto. Mawindo yenye kichwa baridi hayamwingii akilini.

Nikachukua draya ya nywele, nikakipuliza kile kichwa hadi kikawa moto kuliko mwili. Taa nikazima, nikabakisha mwanga wa chumba cha pili. Nikamshika panya nyongani kwa koleo refu, nikampitisha mbele ya mlango wa maficho, umbali wa kiganja, kama anayepita zake. Kumgusagusa chatu puani humtisha, kwa hiyo nilipita, nikasimama, nikapita tena. Ulimi ukaacha kucheza. Shingo ikajikunja taratibu mara mbili. Kisha koleo likavutwa mkononi mwangu na panya akawa ameshaviringishwa! Nikamvuta kidogo, chatu akakaza zaidi, nami nikaachia na kukaa kimya hadi mkia ulipopotea kooni. Furaha niliyokuwa nayo usiku ule siwezi kuieleza.

Wanaosisitiza panya hai wanapaswa kujua kwamba panya naye ana meno. Akiachwa na nyoka asiye na nia ya kuwinda, anaweza kumtafuna mgongo hadi mfupa. Na kumhamishia kwenye boksi lingine ili ale, eti asije akazoea kung'ata mkono, ni kumsumbua bure, hasa kwa vile akishikwashikwa akiwa ameshiba anaweza kutapika. Mimi humlisha nyumbani kwake na simgusi siku mbili baada ya mlo. Bado mdogo, hula kila baada ya siku 5 hadi 7, na mizani ya jikoni ndiyo hunihakikishia kwamba anakua. Akikataa mlo mmoja huku uzito umesimama palepale, simfukuzii.

Juzi nimemhamishia kwenye tangi kubwa zaidi, licha ya kuonywa kwamba nafasi kubwa itamgomesha tena. Nimelijaza magome, majani ya plastiki na vibakuli vyake vilevile vya zamani, na mfuniko nimeufunga kwa klipu kila upande, kwani mtoto wa chatu hupenya popote kichwa chake kinapopita. Panya wa kwanza niliyempa humo alimpiga kabla sijamfikisha mlangoni.