Nilivyoitambua sarafu ya bundi kuwa ya Arabia Kusini

Sarafu ya kale ikiwa na kichwa cha Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, upande mmoja na bundi upande wa pili, watu husema moja kwa moja kuwa ni ya Athens. Jirani yetu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mzee wa Kishihiri, naye aliamini hivyo kuhusu sarafu ya fedha aliyoachiwa na babu yake aliyetoka Hadhramaut, Yemen. "Mwanangu, wewe unayapenda mambo haya, hebu nitafutie asili yake," aliniambia.

Nilianza na mzani wa sonara, maana picha hudanganya upesi kuliko uzito. Ilikuwa gramu 5.4. Sarafu kubwa ya Athens, ile ya drakma 4 (drakma ni kipimo cha fedha cha Wagiriki), ina takriban gramu 17.2, na ya drakma moja gramu 4.3. Drakma za pwani ya Gaza ni nyepesi zaidi, chini ya gramu 4. Wamisri walipoiga bundi walishika uzito uleule wa 17, hata zile zilizoandikwa kwa kidemotiki, mwandiko wa Misri ya kale, jina la Artaxerxes III, mfalme wa Uajemi. Gramu 5.4 haikuwa na nafasi kokote huko. Sonara alitaka kuisugua ing'ae, nikamwomba sana asiiguse, kwa sababu utando mweusi ule ni sehemu ya ushahidi. Ukingoni hakukuwa na mshono wala vitundu vya kuyeyushwa, kwa hiyo haikumiminwa kwenye kalibu. Ilipigwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili.

Jibu lenyewe lilikuwa shavuni mwa Athena. Nilizima taa ya chumba, nikawasha tochi ya simu na kuilaza karibu usawa wa meza, ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Pakatokea alama kama fimbo iliyopindwa mara mbili. Swali likawa: imechimbwa au imeinuka? Alama iliyochimbwa hupigwa na mtu baadaye, na bundi wengi wa Misri na Shamu wana makovu ya patasi ya watu waliotaka kuona kama ndani kuna fedha. Hii iliinuka. Yaani fundi aliichonga ndani ya muhuri kabla sarafu haijapigwa, na fundi wa Athens asingemwekea mungu wake herufi ya kigeni usoni.

Nikailinganisha na picha za katalogi ya British Museum aliyoitoa George Hill mwaka 1922. Ni nuni, yaani herufi ya n, ya maandishi ya kale ya Yemen, inayotambulisha sarafu nzima. Sarafu ya nusu ya thamani hiyo hubeba herufi ya g, na ya robo hubeba t, iliyo kama msalaba wa X. Uzito na herufi vikakubaliana.

Mzee aliuliza kama basi ni bandia. La hasha. Ubani na manemane vilipanda kwa misafara kutoka Arabia Kusini hadi Gaza, na fedha ya Athens ikashuka kwa njia hizohizo hadi watu wakaizoea sura yake. Saba na jirani zao Qataban, falme za kale za Yemen, wakapiga za kwao kwa sura hiyo, kwa uzito wao wenyewe. Hata Athens kwenyewe mwigo wa namna hii haukuhesabiwa bandia: sheria iliyopendekezwa na Nikophon mwaka 375/4 KK iliagiza sarafu ya kigeni yenye fedha safi na alama ileile ya Athens arudishiwe mwenyewe. Iliyokatwa na kutwaliwa ni ile yenye shaba au risasi ndani.

Kati ya Saba na Qataban sikutaka kuchagua kwa sarafu moja isiyojulikana ilikofukuliwa. Kwenye bahasha yake nimeandika: Arabia Kusini, mwigo wa Athens, gramu 5.4, nuni shavuni, imetoka Hadhramaut kwa babu. Mzee ameongeza jina la babu yake kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu.