Mbona mmekuja sita?

Tangu Jumatatu sentensi moja haitaki kunitoka kichwani.

Tulishuka stoo saa nne asubuhi, timu nzima ya mradi, na zile fulana za bluu zilizoandikwa "Twende Pamoja" mgongoni (usinicheke). Mzee wetu wa stoo alikuwa anajaza leja, kalamu ya pili sikioni. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia, "Mzee, usiwe na wasiwasi, huu mfumo mpya wa kompyuta ni mabadiliko madogo tu."

Akatuhesabu kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja.

"Kama ni madogo, mwanangu, mbona mmekuja sita?"

Akarudi kwenye leja yake.

Majibu nimeyapata mengi tangu siku ile, yote kwenye foleni ya Tazara. Pale pale nilisema nini? "Aa, Mzee na wewe!"

Madogo tunayajua, tumeyafanya naye miaka saba. Mistari ya njano ya sakafuni ni wazo lake. Kusogeza paleti za sabuni karibu na mlango, lake pia. Tuliita kaizen, ile njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, tukapiga picha, tukapeleka makao makuu. Hili la sasa limeshuka kutoka huko huko: SAP, kampuni inayotuuzia mfumo wa kompyuta, wanasitisha huduma ya kawaida ya mfumo wa zamani mwisho wa 2027, basi nchi zote zinahama, na stoo hakuulizwa mtu. Leja inaondoka. Kazi ya wanne huenda ikawa ya wawili, ila kwenye slaidi zetu tumeandika "kupanga upya majukumu". Slaidi ya kwanza ni Toyota, mabingwa wa kaizen, kama kawaida. Lakini Toyota hao hao walitoka kwenye mitambo ya kufuma nguo, kampuni ya magari ikaja kusimama 1937. Kule hazikusogezwa paleti tu, ilibadilika kazi yenyewe. Hiyo slaidi hatuna.

Mengine ya wiki: mkurugenzi wa kanda amekuja na kuondoka, uzinduzi umesogezwa mwezi mmoja, Baba Watoto amepata uhamisho wa Mwanza.

Ijumaa nikashuka peke yangu, bila fulana. Mzee kaishika skana kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

"Njoo uone." Akaskani katoni moja ya sabuni. Mfumo ukaandika paleti nzima.

Sita sisi, wiki nne za majaribio, kosa hilo hatukuliona. Nikamuuliza kama kuna jingine. Akachomoa kidaftari mfukoni: kumi na moja, na tarehe zake.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Mliniuliza?"

Nikacheka mpaka nikakaa juu ya katoni. Tukayaingiza yote kumi na moja kwenye ripoti, kwa jina lake. Nilipoinuka nikamwambia, "Si madogo, Mzee."

"Najua. Tutabaki wangapi?"

Nikamwambia sijui, hawajatuambia. Akatikisa kichwa, akaniomba nimwonyeshe tena pa kubonyeza.

Tangi la maji limeanza kuvuja tena, palepale fundi alipoziba. Na Baba Watoto anaondoka tarehe moja.