Nilivyochagua chuo Texas nikiwa na nia ya udaktari

Nilipomaliza sekondari hapa Houston, wajomba na mashangazi walinishauri kwa sauti moja: nenda chuo chenye jina kubwa, usome biolojia. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, maana vijana wetu bado wanapewa. Marekani, kabla ya shule ya udaktari unamaliza kwanza shahada ya miaka 4, na inaweza kuwa hata ya historia. Wanachotaka shule za udaktari ni kozi fulani: kwa kawaida biolojia, kemia ya jumla, kemia ya oganiki na fizikia, pamoja na maabara zake, halafu baiokemia. Na MCAT, mtihani wa kuingia shule ya udaktari.

Kilichoniokoa ni kuuliza. Chuo kimoja kilijisifu kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wake wanapokelewa shule za udaktari. Nikauliza: asilimia 80 ya nani, walioanza kemia mwaka wa kwanza au waliotuma maombi? Waliotuma maombi. Na barua ya kamati, ile ya chuo kumpendekeza mwombaji kwa shule za udaktari, mnamwandikia kila anayeihitaji? Mama wa ofisini akanyamaza kidogo, kisha akasema GPA, yaani wastani wa alama ambao A ni 4, ikiwa chini ya 3.5, kamati haiandiki. Basi piga hesabu: tuseme wanaanza 200, wanafika hatua ya maombi 60, wanapokelewa 50. Chuo kinatangaza asilimia 83, kumbe aliyefika ni mmoja kati ya wanne. Nilikifuta siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni alama. Ukipata C kwenye oganiki, ukarudia ukapata A, chuo chako huenda kikafuta ile C, lakini TMDSAS, mfumo wa maombi wa shule za udaktari za umma Texas, unahesabu zote mbili. Umebaki na wastani wa B. Kwa hiyo niliuliza darasa la oganiki lina watu wangapi na kama kuna wakufunzi wa bure jioni.

Kuhusu fedha, usitazame ada iliyoandikwa. Karibu kila chuo kinatakiwa na sheria kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kaa nacho ukiwa na karatasi za kodi za wazazi. Kwangu tofauti ilikuwa maelfu ya dola kwa mwaka, na mkopo wa udaktari bado unakungoja mbele. Nikabaki Texas pia kwa sababu shule za udaktari za umma hapa zinatenga angalau asilimia 90 ya nafasi kwa wakazi wa jimbo. Tena kuna JAMP, mpango ulioanzishwa kwa sheria mwaka 2001 kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo: unalipiwa, na ukitimiza masharti nafasi ya udaktari ni yako. Hakikisha chuo chako kimo kwenye mpango kabla hujajiandikisha. Mwenye viza ya mwanafunzi aanzie kwingine kabisa, kwa kutafuta shule za udaktari zinazopokea wageni, ni chache.

Mwisho nilipanda basi kutoka kila chuo mpaka hospitali iliyo karibu, asubuhi ya siku ya kazi. Kumfuata daktari wodini na kujitolea, mambo ambayo shule za udaktari huyatazama, kunataka kwenda kila wiki, na mimi gari sikuwa nalo.